Matembezi ya Vuli Nairobi: Mwongozo Kamili kwa Familia Inayosomesha Watoto Nyumbani

Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Desemba, Nairobi hubadilika haraka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Jua linapita utosini na kuelekea kusini, mijakaranda inachanua, mawingu yanajikusanya alasiri, mvua inafika, kumbikumbi wanaruka, na mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya wanatua kwenye nyaya za stima mtaani. Mambo haya yameshikana kama pete za mnyororo. Mtoto anayesomea nyumbani ana nafasi ya kuyafuata moja baada ya jingine, maana Jumanne saa tatu asubuhi hakuna kengele inayomwita kwingine.

Vitabu vingi tunavyonunua sisi wazazi wa elimu ya nyumbani viliandikwa katika nchi za baridi. Ukifika sura ya majira unakuta majani mekundu, maboga na makoti ya sufu. Ni vizuri watoto wayajue hayo, lakini waanze na majira wanayoyakanyaga. Akishaelewa kwa nini mvua inanyesha Dagoretti mwezi wa Novemba, ataelewa upesi kwa nini miti ya Uingereza inapukutisha majani mwezi huo huo. Jua ni lile lile.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja ninaloliamini sana: rudi mahali pachache mara nyingi, badala ya kukimbilia mahali pengi mara moja moja. Kila unapotoka, beba swali moja tu. Mtoto aliyeutazama mti mmoja tangu ukiwa mtupu hadi ukatoa maua, kisha majani, amesoma somo ambalo orodha ndefu ya vivutio haiwezi kumpa.

Hatua ya 1: Panga kalenda mapema

Shule huwa kwenye muhula wa tatu hadi mwishoni mwa Oktoba au hapo karibu. Mpaka zifungwe, misitu na makumbusho huwa na utulivu katikati ya wiki. Novemba na Desemba watoto wote wako nyumbani na sehemu hizo hujaa. Kwa hiyo matembezi yanayohitaji ukimya, kama ya kutazama ndege, yaweke Septemba na Oktoba. Yale yanayonoga kwa wingi wa watu, kama kupanda kilima au kuchora barabarani, yaache hadi binamu wafunge shule waje kujiunga.

Tenga siku mbili za nje kwa wiki. Moja iwe fupi, ya karibu na nyumbani, saa moja inatosha. Ya pili iwe nusu siku. Toka baada ya saa tatu asubuhi, msongamano wa watu wa kazini ukishapungua, na uwe umegeuka kurudi kabla ya saa tisa. Mvua za vuli jijini hupenda alasiri na jioni, na ikishaanza kunyesha barabara husimama na nauli za matatu hupanda papo hapo.

Kisha tia alama tarehe chache ukutani. Tarehe 25 Septemba ni siku aliyofariki Profesa Wangari Maathai mwaka 2011. Siku inayofuata ni ya kivuli, nitakueleza hapa chini. Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Mazingira, tarehe 20 Oktoba ni Mashujaa, na tarehe 12 Desemba ni Jamhuri. Hizi tatu za kitaifa ni historia iliyojileta yenyewe mlangoni, huna haja ya kuitafutia nafasi kwenye ratiba.

Hatua ya 2: Anza na kivuli

Hili halina kiingilio wala nauli, na ndilo linalofungua yote yanayofuata. Unahitaji ufito ulionyooka wa urefu wa mita moja juu ya ardhi, mahali tambarare panapopata jua la mchana, kokoto, rula, na uzi uliofungwa jiwe ili uwe timazi. Hata paa la ghorofa linafaa, ufito ukichomekwa kwenye debe la mchanga.

Tarehe 22 au 23 Septemba jua huwa juu ya Ikweta, na usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote. Nairobi iko nyuzi moja na robo hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutufikia utosini siku chache baadaye, karibu tarehe 26. Siku hiyo, mchana, ufito uliosimama wima hupoteza kivuli chake karibu chote. Waite watoto wote, hata mdogo kabisa. Waache wasimame wenyewe juani watafute vivuli vyao chini ya nyayo.

Angalia saa yako vizuri, maana jambo hilo halitokei saa sita kamili. Saa ya Kenya hufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 Mashariki, na Nairobi iko karibu nyuzi 37. Dunia huzunguka nyuzi moja kila dakika nne, kwa hiyo jua hutuchelewea kwa nusu saa hivi. Anzeni kuweka kokoto kwenye ncha ya kivuli tangu saa sita kasorobo, kila baada ya dakika tano, hadi saa saba kasorobo. Kivuli kifupi kabisa kitaangukia kati ya saa sita na robo na saa sita na nusu. Mtoto wa Gredi ya Sita anaweza kukokotoa hizo dakika mwenyewe, na ni hesabu ya longitudo asiyoisahau.

Rudieni kila baada ya wiki mbili. Mwisho wa Oktoba kivuli cha ufito wa mita moja kitakuwa sentimita 22 hivi, kikielekea kaskazini. Mwisho wa Novemba kitafika karibu 37. Tarehe 22 Desemba kitakuwa 41, kisha kitaanza kurudi. Msiwaambie watoto namba hizi mapema. Wapime, wachore grafu, ndipo mlinganishe.

Hatua ya 3: Chagua mti wenu

Mjakaranda asili yake ni Amerika Kusini, lakini umeshakuwa wa Nairobi. Utaukuta State House Road, Kileleshwa, Lavington, na kando ya Uhuru Highway. Chagua mmoja mnaoweza kuufikia kwa miguu. Kama mtaani kwenu hakuna, nendeni Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 upande wa pili wa kilima cha Ikulu. Ni kama hekta 30, ina zaidi ya aina 350 za miti, na mingi imewekewa kibao cha jina.

Mwezi Agosti na Septemba, ukame ukizidi, mjakaranda hupukutisha majani. Maua hutangulia kutoka kwenye matawi yaliyo karibu matupu, na majani mapya huja mvua ikifika. Hapa ndipo pa kulinganisha na vitabu vya ng'ambo. Miti ya Ulaya hupukutisha kwa sababu siku zinafupika na baridi inakaribia. Kwetu urefu wa mchana haubadiliki hata kwa dakika kumi mwaka mzima, kwa hiyo mti haupati habari hiyo. Wetu unapukutisha ili usipoteze maji. Muulize mtoto swali hili kabla ya kumjibu: huu mti unaogopa nini? Mpe wiki nzima ya kulifikiria.

Kazi yenyewe chini ya mti ni hii. Kata kamba ya mita nne, ifunge iwe mraba wa mita moja kila upande, uilaze chini. Mhesabu maua yaliyoanguka ndani ya mraba. Wiki ijayo hivyo hivyo, mahali hapo hapo. Mdogo ahesabu kwa makumi, mkubwa akadirie maua ya eneo lote chini ya mti. Tafuteni pia maganda ya mbegu ya mwaka jana, yale bapa na magumu yanayofunguka pande mbili. Ndani mna mbegu zenye bawa jembamba. Zirusheni kutoka ghorofani mpime zinafika wapi.

Pembeni ya mjakaranda chagueni na mti wa asili ya Kenya: mugumo, mukinduri, au kibobakasi chenye maua mekundu. Binti yangu aliuchagua mugumo kwa sababu ya nyuki, na daftari lake sasa limejaa wadudu kuliko majani. Mwache mtoto aende anakovutwa.

Hatua ya 4: Tengeneza kipima mvua

Sasa rudi kwenye kivuli. Penye jua la utosini ardhi na bahari hupata joto, hewa hupanda, na mvua hufanyika. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua linapovuka Ikweta, ila huchelewa wiki kadhaa. Ndiyo maana sisi wa karibu na Ikweta tuna misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Vuli hutegemea sana joto la Bahari Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kupita kiasi, mvua hufurika, kama ilivyotokea 1997, 2019 na 2023. Mwaka mwingine inapungua mno: vuli ya 2020, ya 2021 na ya 2022 ziliwaangusha wafugaji wa kaskazini, moja baada ya nyingine. Mtoto mkubwa aambiwe hayo bila kufichwa.

Kipima mvua ni mkebe wenye kuta zilizonyooka, kama wa maziwa ya unga. Chupa ya soda haifai kwa kuwa kitako chake kina mabonde. Uweke mahali pa wazi, mbali na paa na matawi, uuzungushie mawe usianguke. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa nchini, ingiza rula, soma kina kwa milimita, andika, mwaga. Hata siku kavu iandikwe sifuri.

Utamu uko kwenye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati la mita 5 kwa 8 ni mita 40 za mraba. Ikinyesha milimita 12 usiku mmoja, paa hilo limeteremsha lita 480, yaani mitungi 24 ya lita ishirini. Katika mtaa ambao maji ya mfereji huja kwa zamu na mtungi hununuliwa kwa mwenye mkokoteni, mtoto atakuuliza mwenyewe kwa nini hamjaweka mfereji wa paa na tangi. Mpe bei ya mtungi akokotoe ni pesa ngapi zimetiririka mtaroni.

Mvua ya kwanza nzuri ikipita, jioni yake au usiku unaofuata wakumbushe kuangalia taa ya nje. Kumbikumbi watakuja. Weka beseni la maji chini ya taa, wataanguka humo. Watazameni kwa karibu: mabawa manne, ambayo huyadondosha wenyewe wakishatua, kisha dume humfuata jike wakatafute udongo laini wa kuanzisha kichuguu. Anayefanikiwa ndiye malkia mtarajiwa. Kwa majirani wengi wenye asili ya magharibi mwa Kenya hiki ni chakula cha heshima, hukaangwa kwa mafuta yake yenyewe na chumvi kidogo. Mpigieni shosho simu awaeleze nyumbani kwao walikuwa wanawatega vipi. Tahadhari moja: anayedhurika na kamba wa baharini asile kumbikumbi, mwili unaweza kukataa vile vile.

Hatua ya 5: Mbugani kabla mvua haijashika

Kama mna pesa ya safari moja tu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, itumieni Septemba au mwanzo wa Oktoba. Mbuga ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na upande wa kusini haina ua kamili. Wakati wa ukame wanyama huingia kufuata maji na malisho yaliyosalia humo. Mvua ikinyesha nyasi huota kila mahali kwenye nyanda za Athi na Kapiti, na pundamilia na nyumbu hutawanyika. Barabara za ndani nazo ni udongo mweusi, gari dogo hukwama.

Swali la siku hiyo liwe moja: nani anakaa karibu na maji, na nani yuko mbali? Chora ramani ya bwawa moja mkae hapo muda mrefu, injini imezimwa. Kabla ya kutoka piteni mahali pembe za ndovu zilipochomewa. Mwaka 1989 Rais Moi aliwasha tani 12, na mwaka 2016 zikachomwa tani 105. Watoto wangu walibishana kuhusu jambo hilo njia nzima hadi nyumbani, kama ilikuwa sawa kuchoma mali au la. Waache wabishane. Hiyo ndiyo insha yao ya wiki.

Hamna gari? Nairobi Safari Walk iko pale pale lango kuu la Lang'ata Road, hutembewa kwa miguu juu ya ubao, na matatu za Rongai zinapita hapo.

Hatua ya 6: Karura, tena na tena

Mahali pa kurudi msimu mzima, kwangu, ni Karura. Ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu katikati ya jiji, na lango la Limuru Road linafikika kwa matatu za Ruaka na Banana. Ziara ya kwanza iwe karibu na tarehe 25 Septemba. Kaeni chini ya mti, msimulie watoto jinsi ardhi hii ilivyokuwa imegawiwa watu binafsi, na jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyokuja na miche mwaka 1999 wakapigwa na walinzi langoni. Alikuwa ameanzisha Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti, mwaka 1977, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtoto akisikia habari hii akiwa ameegemea mti wenyewe, humwingia kwa namna nyingine kabisa.

Ziara ya pili iwe ya ndege, asubuhi mapema. Tangu Septemba wageni wa kaskazini wanaingia: mbayuwayu wenye mkia wa panda, keremkerem wa Ulaya wanaopita makundi makundi wakiita angani, na baadaye korongo weupe. Hawa ndio wanaotuletea habari za majani mekundu ya vitabuni. Wadudu wamepungua kule, wamefuata chakula huku. Kaeni kimya dakika kumi, kila mmoja aandike sauti anazosikia kwa herufi zake mwenyewe. Darubini moja ya kuazimana inatosha familia nzima.

Ziara ya tatu, mvua ikishaanza, iwe ya udongo na maji. Nendeni maporomoko ya mto Karura na mapango yanayosemekana yaliwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau. Tazameni rangi ya maji kabla na baada ya mvua. Chukueni donge la udongo mwekundu nje ya msitu, kando ya barabara, na siku nyingine mtafute udongo mweusi wa upande wa Embakasi au Syokimau. Finyangeni matofali mawili madogo, muyaanike. Jekundu litakauka likiwa limeshikamana, jeusi litapasuka mipasuko mikubwa. Baada ya hapo hakuna haja ya kumweleza mtoto kwa nini mtaa mmoja wa Nairobi huzama kwenye tope na mwingine hauzami, au kwa nini fundi huchimbua udongo mweusi wote kabla ya kuweka msingi wa nyumba.

Mkiwa humo angalieni juu mtafute mbega, wale weusi wenye mashuka meupe. Walihamishiwa hapa kutoka Kipipiri, Nyandarua. Na mikaratusi mingi ya zamani imekuwa ikiondolewa ili miti ya asili irudi, kwa hiyo mkiona sehemu iliyokatwa msikimbilie kulaumu. Someni kibao kwanza, au mwulizeni askari wa msitu. Wengi wao hufurahi mtoto akiwauliza swali la maana.

Kuhusu Siku ya Mazingira: pandeni mti, ila msikilize udongo. Chomeka kijiti ardhini, kama unyevu haujafika kina cha kiganja, subirini wiki mbili. Mche uliopandwa kwenye vumbi kwa ajili ya picha hufa mapema, na mtoto hujifunza kwamba kupanda ni sherehe.

Hatua ya 7: Siku ambayo mvua imekataa kukatika

Siku za namna hiyo Makumbusho ya Taifa ndiyo kimbilio. Anzeni na ukumbi wa ndege, mtafute wale mliowaona Karura. Kisha nendeni kwa Mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale. Mfupa wake wa kwanza uliokotwa mwaka 1984 huko Nariokotome na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyejifunza kazi hiyo uwandani, akiwa na jicho linaloona mfupa mahali wengine wanaona jiwe. Mvulana huyo aliishi miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita na alikaribia kimo cha mita 1.6. Mpime mtoto wako ukutani kabla ya kutoka nyumbani, ajilinganishe. Msijaribu kumaliza makumbusho yote. Kumbi mbili, mchoro mmoja, chai, nyumbani.

Makumbusho ya Reli nayo hufaa siku ya manyunyu kwa sababu mabehewa yenyewe ni paa. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, palipokuwa na kinamasi, na mji ukaota hapo. Wapenzi wa simba waonyesheni behewa ambalo mwaka 1900, kituo cha Kima, simba alimtoa afisa wa polisi aliyekuwa anamvizia.

Na soko la mtaa wenu ni la kila wiki, mvua au jua. Mpe mtoto daftari la bei za vitu vitano: sukuma wiki, managu, nyanya, viazi, na gorogoro la maharagwe. Aulize kwa adabu, "Mama, leo nyanya unauzaje?", na kama mama mboga ana wateja wengi, asubiri. Nunueni kitu, msiwe watu wa kuuliza tu. Vuli ikikolea sukuma huwa nyingi na bei hushuka, huku nyanya zikipanda kwa kuwa ukungu huziua shambani na barabara za vijijini hazipitiki. Akiziweka bei hizo na milimita za mkebe kwenye grafu moja, mtoto wa miaka kumi na miwili ameanza uchumi.

Hatua ya 8: Njia, mkoba na usalama

Maeneo mengi ya serikali hupokea malipo kwa eCitizen. Lipia ukiwa nyumbani, hifadhi picha ya risiti kwenye simu, na ubebe vitambulisho. Kwenye matatu kaeni pamoja, nauli ya watoto ipatanwe na makanga kabla ya kupanda, na mkubwa apewe kazi ya kuhesabu chenji. Atatokea abiria wa kuuliza kwa nini watoto hawako shule. Wafundishe jibu fupi lenye heshima: "Tunasomea nyumbani, shosho. Leo somo liko msituni." Mara nyingi linaleta mazungumzo mazuri.

Mkobani weka maji, mayai ya kuchemsha, chapati au nduma, ndizi, soksi za kubadilisha, koti la mvua na penseli, kwa kuwa wino huyeyuka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi kwenye mbuga na misitu. Bebeni chupa ya chuma na kopo la chakula.

Baada ya mvua siafu hutoka njiani. Suruali iingizwe ndani ya soksi, na atakayekanyaga msururu wao akimbie hatua ishirini kwanza, ndipo avue. Radi ikiunguruma tokeni kwenye miti mirefu na vilele, hasa Vilima vya Ngong, ambako mngekuwa mmeenda asubuhi na mapema na mmeshashuka. Nawaomba sana hili: msivuke maji yanayotiririka barabarani, hata yakionekana ya kifundoni. Mifuniko mingi ya mitaro imeibwa, na shimo halionekani chini ya maji ya tope. Ingieni dukani, mngoje.

Hatua ya 9: Daftari

Kila mtoto awe na lake, gumu, lisilo na mistari. Ukurasa wa siku uwe na tarehe, mahali, hali ya anga, swali la siku, mchoro mmoja na sentensi tatu. Mdogo asiyeandika achore, wewe uandike maneno yake jinsi alivyoyasema. Usisahihishe tahajia ndani ya daftari hili, masahihisho yana daftari lake. Mkubwa aongeze jedwali tatu za kudumu nyuma: kivuli, mvua, bei.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kaeni mezani mtazame jedwali hizo pamoja, simu zikiwa mbali. Kivuli kilirefuka lini? Mvua ilifuata baada ya siku ngapi? Majani ya mti wetu yalitoka kabla au baada ya hapo? Mbayuwayu wa kwanza aliandikwa na nani? Kama familia nyingine mbili mtaani au mtaa wa mbali zinapima mvua, linganisheni. Karen na Embakasi hazinyeshewi sawa, na watoto hupenda sana kujua nani alipata zaidi.

Ukiwa umesoma haya Oktoba ikiwa katikati, kivuli cha utosini kimeshakupita, lakini jua litarudi juu yetu likielekea kaskazini karibu tarehe 17 Machi. Anza na mkebe leo. Uweke nje kabla ya magharibi, na kesho saa tatu mtume mtoto na rula.